Mistari Myekundu ya Shemeji

Mume wa dada yangu hawezi kusoma kitu bila kukisahihisha. Ukimpa karatasi ya maelezo ya dawa, kabla hajajua anywe vidonge vingapi ameshaona kwamba mkato umewekwa pasipo pake. Mabango ya madukani, tangazo la maji kukatika, maandishi ya kwenye mfuko wa sukari, vyote hupita kwanza kwenye jicho lake, na jicho hilo halina huruma. Nilipokuwa naolewa nilimpelekea kadi ya mwaliko kwa heshima zote, akanirudishia ikiwa na alama za kalamu pembeni. Nilinuna. Baadaye nikashukuru, maana jina la bwana harusi lilikuwa limekosewa, na bwana harusi mwenyewe alikuwa hajaona.

Ndiyo kazi iliyomlea. Alikuwa msoma prufu gazetini, yule mtu wa mwisho kuutazama ukurasa kabla haujaingia mtamboni, na wenzake walimbandika jina la Nukta. Mimi na yeye ni mashemeji, kwa hiyo kumtania ni haki yangu na sijawahi kuiachia. Humwambia kwamba siku ya kiama atawachelewesha watu kwenye foleni akikagua majina yaliyoandikwa vibaya. Hunijibu kwamba langu ataliacha na kosa lake hivyo hivyo, nipelekwe nisikostahili.

Alipostaafu nikamfungulia blogu. Hiyo ndiyo riziki yangu, kutengeneza na kukarabati tovuti za watu, katika ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme. Nilidhani ataandika habari za serikali kama wastaafu wengine. Yeye akaanza kuandika watu wa kazi za mikono: mnoa misumeno, mama anayesuka viti vilivyotoboka, fundi saa ambaye mwenyewe havai saa. Maandishi mafupi, safi, yenye kicheko ndani yake. Wasomaji hawakuwa wengi ila hawakubanduka, na wengi wao walikuwa wenzake wa zamani wanaovizia siku Nukta atakapokosea. Walingoja sana.

Kisha akapigwa na kiharusi. Kilimkuta bafuni asubuhi, kikamwacha hai, kikaondoka na nguvu za mkono wa kulia na nusu ya maneno yake. Mguu ulirudi, mkono ukarudi kwa kusuasua, lakini ulimi ulibaki mzito. Alikuwa akitaka kusema mlango anasema kijiko, anajua kwamba amekosea, anajaribu tena, jasho linamtoka. Mwishowe akaona bora anyamaze. Mtu aliyekuwa akitugombeza kwa mkato sasa anaomba chumvi kwa kidole. Nilikuwa nikitoka kwao nafika kwenye ngazi naanza kulia, halafu najikasirikia kwa kulia.

Daktari alimwambia aandike kila siku, kidogo kidogo. Akakubali, kwa sababu kuandika hakumtazami mtu usoni. Ila herufi nazo zilikuwa zimevurugika. Silabi zinaruka, nyingine zinakaa mbele ya wenzake. Kibaya zaidi, lile jicho lililoona makosa ya dunia nzima halikuyaona ya kwake. Hapo ndipo nilipomwekea kidude cha kukagua tahajia, programu ndogo ya nyongeza unayoipachika kwenye kivinjari, ikikuta neno bovu inalipigia mstari mwekundu chini. Siku za kwanza ukurasa wake ulikuwa mwekundu juu hadi chini. Alikaa nao kwa subira ya ajabu, neno kwa neno, kwa mkono wa kushoto, mpaka ukatakata. Wasomaji hawakujua lolote.

Miezi ikapita, tukaambiwa mistari imekwisha. Dada ndiye aliyenipigia simu kunipa habari hizo. Shemeji anaandika, ukurasa mweupe, hakuna hata mstari mmoja. Nilifurahi nikanunua keki. Sauti ya dada kwenye simu haikuwa ya mtu wa keki, nikadhani amechoka kwa uuguzi.

Mwaka huu zamu ya kuuguzwa ikawa ya dada. Mtoto wa jicho alikuwa amemzidia kwenye jicho la kulia, na la kushoto halikuwahi kuwa la kutegemewa. Akafanyiwa upasuaji, akafungwa kitambaa, akakatazwa kusoma, kushona na kutazama kioo cha kompyuta mpaka daktari atakaporuhusu. Dada ni fundi cherehani. Kumwambia asishone ni sawa na kumwambia asipumue. Nikahamia kwao kwa muda ili nipike, nimtie dawa ya matone, na nimzuie asiibe sindano.

Nilikuta nyumba ina ukimya usio wa kawaida. Andiko la shemeji kuhusu mshona magodoro lilikuwa limetoka na makosa, na wale waviziaji wakaamka. Mmoja wa wenzake wa zamani akaandika kwenye maoni kwamba leo Nukta ametupikia mchele na chuya zake. Ulikuwa utani, na mtaniaji hakujua habari ya kiharusi, kwa sababu shemeji alikataza asiambiwe mtu. Andiko lililofuata likatoka bovu zaidi. Shemeji alilisoma mara nyingi asione kosa lilipo, akasubiri wasomaji wamwonyeshe, wakamwonyesha.

Tulikuwa mezani aliposema. Aliweka kijiko chini, akakusanya nguvu.

"Inarudi," akasema.

Nikamuuliza nini inarudi. Akagusa upande wa kichwa chake.

Dada alitaka kusema kitu, akameza. Tulimpeleka kliniki, wakampima, wakasema presha iko sawa, hakuna dalili mpya, ale dawa zake. Hakuamini. Kwake yeye ushahidi ulikuwa kwenye ukurasa: jana aliandika bila kosa, leo anaandika kama siku zile za kwanza, basi kichwa kinabomoka tena. Akatuarifu, kwa maneno machache na mikono mingi, kwamba Ijumaa ataandika neno la kuaga na kuifunga blogu kabla hajawa kichekesho. Nilimjua vya kutosha. Akifunga pale, hatasema tena na mtu yeyote, mdomo wala kalamu.

Nikaenda kwenye chumba chake kutazama. Meza yake ndiyo ile dada aliyokuwa akikatia vitambaa zamani, ina alama ya pasi pembeni, na dirisha linatazamana na ukuta wa jirani. Nikafungua andiko lililopita. Maneno mabovu nikayaona mimi nisiye msoma prufu, na chini ya hayo maneno hapakuwa na mstari hata mmoja. Nikajiambia kwamba makosa ya mara moja moja ambayo kidude kingemwonyesha yamepita bila kuonekana. Kumbe aliyekufa ni kidude, si shemeji. Nilimwita, nikamwonyesha, nikamwambia asiifunge blogu ya watu kwa ugonjwa wa mashine. Alinitazama kama mtu anayetaka kuamini na anaogopa gharama yake.

"Ijumaa," akasema. Maana yake nina mpaka Ijumaa.

Mimi kwenye kazi hii nina ada moja: huanza na swali la kijinga. Je, imewashwa? Ilikuwa imewashwa. Alama yake pale juu ya kivinjari ilikuwa ya kijani, imetulia kabisa. Nikaandika sentensi ya upuuzi, kila neno bovu kwa makusudi. Kimya. Nikazima kompyuta nikaiwasha. Kimya. Nikafuta kumbukumbu za kivinjari, jambo lililosaidia tu kumtoa shemeji kwenye blogu yake mwenyewe, na tukatumia asubuhi kutafuta neno la siri ambalo aliliweka akiwa mzima. Alilikumbuka mwishowe, akaliandika kwa mkono wa kulia, na sisi wawili tukacheka kama tumepewa kiwanja.

Dada alikuwa mlangoni, kitambaa jichoni.

"Si uliache tu hilo dude mpaka jicho langu lipone?" akasema.

Nikamuuliza jicho lake na kompyuta vinahusiana nini. Akasema basi tu, kelele za sisi wawili zinamuuma kichwa. Nilikasirika. Mumewe anataka kujifungia, yeye anaona kelele. Nikamwambia akalale.

Nikaendelea. Nikajaribu kivinjari kingine, hali ile ile. Nikazima nyongeza zote nyingine, moja moja, maana nyongeza huweza kugombana kama wake wenza: ya hali ya hewa, ya kuongeza ukubwa wa maandishi, na moja ya mitindo ya magauni ambayo dada aliiweka na shemeji hajawahi kuiondoa. Hakuna iliyokuwa na hatia. Nikakiondoa kidude chenyewe nikakiweka upya. Kijani tena, kimya tena. Sasa nilikuwa nazungumza nacho kwa lugha ambayo sitaiandika hapa.

Kilichonisaidia ni uchovu. Nilifungua ukurasa wa barua pepe nimlalamikie mteja wangu mmoja, nikakosea neno, na chini yake ukatokea mstari mwekundu, mzuri, umenyooka. Nikaduwaa. Kidude kilikuwa hai. Kilikuwa kinafanya kazi kila mahali isipokuwa kwenye blogu. Basi tatizo lilikuwa pale vilipokutana, kidude na ukurasa wa kuandikia. Nikamwandikia mtengenezaji wake, nikimweleza yote niliyojaribu, kwa sababu nami hupokea malalamiko ya watu wasemao "haifanyi kazi" na basi, na najua jinsi yanavyochosha.

Akanijibu kesho yake, kwa adabu. Alisema kampuni inayoendesha blogu ilibadilisha ukurasa wake wa kuandikia, na kidude cha zamani hakiwezi kuona kilichomo ndani ya ukurasa mpya, ingawa alama yake hubaki ya kijani na kudanganya watu. Alishatengeneza toleo jipya. Ni kuondoa la zamani, kuchukua jipya kutoka kwenye tovuti yake, na kulipatia ruhusa. Aliomba radhi kwa usumbufu. Mabadiliko hayo, aliongeza, yalifanyika mwaka jana.

Nilishapiga makofi kabla sijafika kwenye neno la mwisho. Halafu nikalirudia. Mwaka jana. Kama kidude kilipofuka mwaka jana, ile mistari iliyoisha haikuisha. Ilikosa wa kuichora. Na maandishi ya mwaka mzima yaliyotoka safi, bila doa, yalisafishwa na nani?

Shemeji ana desturi aliyotoka nayo gazetini: andiko likitoka motoni halipakuliwi. Huandika asubuhi, akaliacha lilale, akala, akanywa dawa zake, dawa zikamlaza mchana, na jioni ndipo anapolichapisha. Mchana kutwa andiko linabaki pale mezani, mlango wazi. Nikakumbuka habari ya jicho na kelele.

Nilimkuta dada jikoni. Ilikuwa saa ya matone. Nikamkalisha, nikamfungua kitambaa, nikalishika kope lake kwa vidole viwili, na hapo nikamuuliza. Mtu aliyeshikwa kope hana pa kutazama.

"Ni wewe," nikasema.

Tone likaingia. Hakupepesa.

"Ni mimi," akasema. "Nimelala na kamusi miaka yote hii, ulidhani nimeamka bila kitu?"

Akanisimulia. Siku ile mistari ilipotoweka, shemeji alikuja jikoni mwenyewe, hakuita. Alimshika mkono akampeleka mezani, akamwonyesha ukurasa mweupe, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu bafuni. Dada akainama kusoma, akaona makosa yamejaa, na kidude hakisemi kitu. Akamtazama mumewe usoni. Akasema hongera. Mchana alipolala akaingia na kuyarekebisha yote, akiamini kwamba ni kwa siku hiyo moja, na siku hiyo moja ikawa mwaka.

Nilitaka kumgombeza na nikamgombeza. Nilimwambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilimwambia kwamba kwa kumwonea huruma asione mistari, amemfanya aamini anakufa. Akaniomba niache kidude kilivyo, jicho lipone, arudi kwenye kazi yake ya mchana, na shemeji asijue kamwe. Nikamkumbusha Ijumaa. Nikiwasha toleo jipya, ataona nyekundu na kujua kwamba hakupona siku ile. Nisipowasha, ataifunga. Hatukuwa na njia ya tatu, na dada alikuwa analia kwa jicho lililokatazwa kulia.

"Na unajua kinachoniuma?" akasema. "Anapona. Kweli anapona. Mwanzoni nilikuwa namaliza mchana mzima kwenye ukurasa mmoja, naomba asiamke. Siku hizi kabla chai haijapoa nimeshamaliza. Nimeyaona hayo peke yangu. Ningemwambiaje, wakati anadhani alishapona?"

Niliacha kumgombeza. Nikamfunga kitambaa chake vizuri, nikaenda kule chumbani. Shemeji alikuwa kwenye matembezi yake ya jioni, mtaa kwenda na kurudi. Blogu hutunza kila andiko kama lilivyokuwa kila lilipohifadhiwa, kabla ya mkono mwingine kulipitia. Wengi hawajui, mimi ni kazi yangu kujua. Nikaweka toleo jipya la kidude, nikalipatia ruhusa, nikafungua andiko la siku ile ya kicheko, lile la asubuhi, kabla dada hajaligusa. Ukurasa ukaiva wote kwa wekundu. Kisha nikafungua la juzi, lile ambalo watu walilicheka. Nyekundu hapa, nyekundu pale, na katikati mistari mizima ya maneno yaliyosimama kwa miguu yake. Mimi si mtu wa machozi ovyo, lakini pale nilikaa nikafuta uso kwa khanga ya dada iliyokuwa kitini.

Nilimwita dada, nikamsomea, kwa kuwa hakuruhusiwa kutazama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba atamwambia mumewe yeye mwenyewe, leo, na nisimsaidie.

Alimwambia sebuleni, shemeji akiwa bado na viatu. Hakupamba. Alisema kidude kilikufa mwaka jana, kwamba mistari haikuisha, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisahihisha kila mchana, na kwamba makosa yalianza kuonekana kwa sababu jicho lake limefungwa, si kwa sababu kichwa cha mumewe kimeharibika. Aliyasema hayo amesimama, mikono imeshika kiti.

Shemeji alikaa. Uso wake ulipita mambo mengi. Nilijua moja: gazetini, hakuna aliyeruhusiwa kuugusa ukurasa baada ya Nukta. Watu walifukuzwa kwa hilo.

"Nani," akasema, akasita kutafuta neno lililobaki, "nani alikuruhusu?"

Dada akasema hakuna. Shemeji akatoka barazani, na chakula kikapoa mezani. Dada alikirudisha jikoni na kukileta tena mezani, akikosea milango kwa jicho lake moja. Nilitamani nitoke nikamwambie shemeji maneno makali, kwamba kuna wanaume wanaoachwa wakiwa wazima, seuze wagonjwa. Nikajizuia, na kwangu mimi hilo si jambo dogo.

Mwishowe akarudi. Hakwenda mezani. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chake, akanionyesha kompyuta.

"Washa," akasema.

Nikamwambia imeshawashwa. Nikamfungulia ukurasa wa kwanza, ule ulioiva. Alirudi nyuma kidogo. Nikauweka pembeni, nikamfungulia wa juzi, ikawa kurasa mbili ubavu kwa ubavu. Akavaa miwani. Akanyoosha kidole cha mkono wa kulia, ule mbovu, akaanza kushuka nacho kwenye ukurasa wa kwanza, polepole, mstari hadi mstari, kama alivyokuwa akifanya gazetini. Akamaliza, akahamia wa pili. Kidole kilipofika kwenye aya ambayo haikuwa na wekundu, kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena.

"Hii mimi?" akauliza.

"Wewe, shemeji."

"Bila yeye?"

"Bila yeye. Jicho limefungwa, si unamwona?"

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Haijarudi," akasema.

"Haijarudi. Inaondoka."

Dada alikuwa mlangoni, hathubutu kuingia. Shemeji hakugeuka, lakini alimwambia yeye.

"Usiguse tena."

"Sigusi," dada akasema.

"Nataka nyekundu zangu." Akatulia, akalitafuta neno mpaka akalipata. "Nizione."

Ijumaa ikaja ikapita, na neno la kuaga halikuandikwa. Badala yake alimjibu yule mwenzake wa zamani kwenye maoni, akamweleza kwa mara ya kwanza kwamba aliugua, na kwamba chuya atazichagua mwenyewe, mwenzake aendelee kula na asimharakishe mpishi. Yule bwana alipiga simu siku hiyo hiyo. Shemeji akaipokea, akaongea, akakosea, akarudia. Mazungumzo yalikuwa mafupi na yalimchosha, lakini aliporudisha simu mezani alikuwa ameketi wima.

Sitadanganya kwamba mambo kati yake na dada yalinyooka mara moja. Dada alifunguliwa kitambaa, jicho likatoka safi, akawa anaona vumbi ambalo hajawahi kuliona nyumbani kwake. Ila mchana ulikuwa umemfia mikononi. Shemeji akilala yeye alikaa sebuleni na kitambaa cha mteja mapajani, hashoni, anasikiliza. Na shemeji alipoamka alikuwa akiingia chumbani kwake kwanza, anasoma andiko lake upya tangu juu, anatafuta alama za mkono wa mtu. Dada alikuwa akiona yale mabega yaliyoinama kwenye kioo cha kompyuta, akageuza uso. Alikuwa ametibu kitu kimoja na kuvunja kingine, na mimi sikuwa na nyongeza ya kupachika pale.

Siku niliyokuwa nafunga mizigo yangu nirudi kwangu, tulikuwa jikoni na dada tukimenya viazi, tukibishana ni nani mama alimpenda zaidi. Shemeji akaita. Si kwa kugonga meza kama alivyozoea. Aliita kwa jina la dada, lote, likatoka zima. Tukaenda mbio tukidhani ameanguka.

Alikuwa amekaa. Mbele yake palikuwa na andiko la asubuhi ile, kuhusu mwanamke mwenye mashine ya kusaga anayejua wateja wake kwa sauti ya ndoo zao. Kidude kilikuwa macho; pale chini palikuwa na michirizi michache ya kuthibitisha. Lakini aya ya kwanza yote, na ilikuwa ndefu, ilikuwa nyeupe. Dada aliinama na jicho lake jipya, akaisoma kwa kuitamka midomoni, akatafuta kosa ambalo mashine imeliruka, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka zuliani. Alifika mwisho. Akarudi mwanzo. Hakukuta kitu, akajishika kifua.

Shemeji alikuwa anamtazama yeye, si ukurasa.

"Umegusa?" akamuuliza.

"Sijagusa," dada akasema.

Mimi sijaumbwa kwa kunyamaza. Nilifungua mdomo nitoe ushahidi: kwamba asubuhi nzima tulikuwa pamoja, jikoni, mikono imejaa maganda, naweza kuapa kwa lolote atakalo. Shemeji akainua mkono wa kulia, akanizuia.

"Nimemuuliza mke wangu," akasema, "na mke wangu ameshanijibu."

Aliyasema yote kwa mkupuo, bila kutafuta neno, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Kisha akasogea upande, akamwachia dada nusu ya kiti.